Jiko Lisilo na Sufuria

Alhamisi, 7 Novemba 2013. Sulimaniyah, Riyadh

Bosi amenunua gari lenye kitanda. Gilbert aliponiambia nilidhani ananichezea, maana mume wangu akifurahi huwa hana maana. Nikatoka nje na mwiko mkononi nikaliona mwenyewe: jeupe, refu kama gari la mikate, na ndani lina jiko la gesi, friji, sinki, choo, kitanda kipana nyuma na viwili vyembamba ubavuni kama rafu. Gilbert alikuwa ameshakaa kwenye usukani anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama Mitchelle," akaniambia, kwa jina la mtoto wetu tuliyemwacha nyumbani, "Nyamira nzima hakuna aliyewahi kulala ndani ya kitu chenye magurudumu."

"Nyamira nzima hakuna aliyekosa nyumba," nikamjibu.

Gari ni la Yumma, yaani mama. Ndivyo bosi anavyomwita mama yake, na sisi tumemfuata. Bibi huyu ametoka Najran, kusini kabisa, na kila baridi ikiingia anataka jangwa, atandike mkeka, aone nyota. Madam, mke wa bosi, hataki kusikia habari ya mchanga. Basi bosi amekata shauri: tangu sasa mpaka baridi iishe, kila wikendi gari hili litatoka mjini. Gilbert ataendesha, mimi nitamwangalia bibi, bosi na watoto watafuata na gari lao.

Naandika kwa sababu katika nyumba hii wa kuongea naye Kiswahili ni Gilbert peke yake, na Gilbert akishika usukani hasikii. Pia naandika kwa sababu naogopa. Wikendi ya hapa siku hizi ni Ijumaa na Jumamosi. Sisi ni Wasabato, tena wa Nyamira, si wa mchezo. Jua likitua Ijumaa jiko linazimwa, haliwashwi tena mpaka jua la Jumamosi litue. Kwa mama yangu hata chai haikupashwa moto. Nyumbani kwa madam nilikuwa nimeshapata ujanja wangu: Ijumaa napika kama mwendawazimu, Jumamosi napakua tu. Ndani ya gari lenye ukubwa wa banda la kuku nitajificha wapi?

Wakala wa Nairobi alituonya: mkiulizwa semeni Wakristo, mfunge mdomo. Mkitaja Jumamosi mtaitwa Mayahudi. Kwa hiyo Sabato yetu tunaishika kama msichana anayeficha mimba. Na si kurudishwa Kenya ninakokuogopa. Mtu na mumewe kuwa chini ya kafili mmoja, yaani mdhamini, mlango mmoja, ni bahati ya mtende. Bosi akikasirika hahitaji kutufukuza. Atamwazima Gilbert kwa nduguye Jidda, na mimi nitabaki hapa nikizungumza na masufuria.

Jumamosi, 9 Novemba. Njiani kutoka Thumama, baada ya kufunga Sabato

Kumbe jangwani mwanamume wa Kisaudi ndiye mpishi! Bosi mwenyewe anachoma nyama, anakoroga kahawa, ananifukuza kwenye moto. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikakaa.

Jana kabla jua halijatua niliivisha githeri yetu ya mahindi na maharagwe, nikaifunga sufuria kwa blanketi nene kama ninavyofanya nyumbani, nikaisukuma chini ya kitanda. Yumma aliniona. Aliinama kwa tabu, akainua pembe ya blanketi, akanusa, akanitazama usoni kwa muda. Nikadhani anataka kujua kama nimeweka nguruwe.

Leo asubuhi nimeamka na harufu ya gesi iliyowaka. Nimemkuta bibi mbele ya jiko, kiberiti mkononi, moto unawaka buluu na juu yake hakuna kitu. Hata sufuria. Nimezima, maana kuzima si kuwasha, nikamrudisha kwenye mkeka. Amenikodolea macho kama mimi ndiye niliyepotewa na akili.

Bosi alitaka turudi saa tisa alasiri. Yumma akakataa: magoti yanamuuma, haondoki mpaka magharibi. Gilbert akanikonyeza. Tumeondoka jua limeshatua, Sabato imeshafungwa. Asante Mungu kwa magoti.

Jumapili, 17 Novemba

Jana mvua. Mimi mtu wa Nyamira, mvua si habari kwangu, lakini hii ilishuka kama iliyotumwa kulipiza kisasi. Tulikuwa tumeegesha bondeni. Maji yakaja chini ya mkeka kwanza, polepole, halafu mkeka ukaondoka wenyewe. Bosi na watoto walikuwa bado hawajafika, tulikuwa sisi na bibi tu.

Gilbert alinitazama, nikamtazama. Ilikuwa mchana, Sabato katikati.

"Ng'ombe ametumbukia kisimani," akasema, yule ambaye Yesu alisema atolewe hata siku ya Sabato, akawasha injini.

Tulipanda mwinuko matairi yakilia. Yumma nyuma anamtaja Mungu wake, mimi mbele namtaja wangu. Tulipofika juu bibi alicheka, jamani, akapiga mapaja kabisa, akamwambia Gilbert kwa Kiarabu kwamba ana mkono wa mchunga ngamia. Mji mzima leo ni matope. Nimefua blanketi zote.

Jumamosi, 23 Novemba

Amewasha tena. Bila sufuria.

Jumamosi, 30 Novemba

Tena. Nikazima, akawasha, nikazima. Magoti mpaka magharibi.

Jumatano, 11 Desemba

Cliff alipita kumwona Gilbert. Huyu Cliff ni mlinzi wa jengo moja kule Olaya, mtu wa Kakamega, mdomo mkubwa na moyo mkubwa. Nilimsimulia habari ya bibi na jiko. Nilitaka anicheke, hakucheka.

"Shemeji, hiyo ni gesi. Mzee kama huyo amechanganyikiwa. Siku moja utaamka mko mbinguni, na hapa watasema nyinyi ndio mliwasha. Mwambie madam kabla haijawa maneno."

Gilbert akasema tumwache bibi, hajachoma kitu. Nikamwambia wewe unalala kama gogo, mimi ndiye ninayenusa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemwambia madam. Madam ameingia garini, amemnyang'anya Yumma kiberiti mbele yangu kama mtoto aliyekutwa na wembe, akanikabidhi. "Kikae kwako. Asikiguse." Yumma hakubishana. Aliutazama mfuko wa aproni yangu kilipoingia, halafu akageukia dirishani.

Nilifanya lililo sawa. Sijui kwa nini wali umeniungulia.

Jumamosi, 14 Desemba

Yumma aliamka mapema kama kawaida. Nilimsikia akipapasa kwenye kabati, kwenye droo, juu ya friji. Halafu akakaa kwenye ngazi ya gari, mikono magotini, mpaka jua likachomoza. Hajanisemesha siku nzima. Tulikunywa chai ya jana ya thamosi, vuguvugu, na baridi ya huku inakata masikio. Gilbert akasema afadhali moto wa bibi ungekuwepo hata wa kuotea. Nikamwambia anyamaze.

Bibi aligoma kuondoka mpaka magharibi. Angalau hilo halijabadilika.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimeosha mapazia.

Jumamosi, 4 Januari 2014

Baridi kali. Thamosi imepasuka njiani, kwa hiyo chai ya jana ilikuwa baridi kama maji ya mto. Gilbert ana kikohozi. Yumma alimtazama akinywa, akanitazama mimi, akatema mate pembeni. Nimeanza kumwogopa huyu bibi. Sijui anajua nini.

Jumatano, 22 Januari

Shule zinafungwa wiki moja. Tunakwenda Jidda kwa nduguye bosi, sote, na gari lenye kitanda. Tunaondoka Ijumaa asubuhi. Nimemuuliza Gilbert Jidda ni mbali kiasi gani. Amesema tukitoka alfajiri tutaingia jua likiwa bado juu. Nimemuuliza na tusipotoka alfajiri? Akaniambia niache kuita mvua.

Jumapili, 26 Januari. Jidda

Niandike yote nikiwa bado nina hasira, maana nikipoa nitaanza kujitetea.

Ijumaa hatukutoka alfajiri. Madam na masanduku yake, unajua mwenyewe. Yumma alipanda gari la bosi, kwa kuwa wao walitaka kupita Makka wafanye umra, na barabara ile sisi haturuhusiwi. Kuna kibao kikubwa: Waislamu mbele, wengine kulia. Kwa hiyo tulibaki mimi na Gilbert katika gari letu, wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu tuje nchi hii. Tuliimba. Nilimmenyea chungwa nikamlisha akiendesha. Nilijisikia kama nimeolewa upya.

Alasiri tairi la nyuma likapasuka. Kulibadilisha kulikula mchana uliobaki. Tulipofika kwenye njia panda, jua lilikuwa limelala juu ya milima ya Taif. Gilbert aliingiza gari kituo cha mafuta, akaegesha nyuma karibu na msikiti mdogo, akazima injini. Halafu tukazima simu, kama tunavyofanya kila Ijumaa. Tukafungua Sabato kwa wimbo, polepole, madirisha yamefungwa. Tukala githeri. Tukalala kitanda kipana cha Yumma, na mimi sikumbuki usingizi mtamu kama ule Arabuni.

Asubuhi nilifungua friji nitoe maziwa. Kwenye mlango wa friji zilikuwa zimepangwa sindano za ugonjwa wa sukari za Yumma. Zote.

Sikupiga kelele. Nilimwonyesha Gilbert tu. Alivaa viatu bila soksi. Niliwasha simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu bila kukoma, bosi, bosi, bosi, madam, namba nisizozijua. Gilbert hakutaja ng'ombe wala kisima. Aliendesha barabara ile ya mzunguko ya wasio Waislamu kama mtu anayekimbizwa, siku ya Sabato, na mimi pembeni nimezikumbatia sindano kana kwamba zitazidi kupoa.

Yumma alikuwa amezidiwa ndani ya Makka, jioni, katikati ya umra yake. Walimtoa kwa kiti cha magurudumu. Duka la dawa lililokuwa karibu halikuwa na aina yake, wakazunguka mpaka wakapata. Nduguye bosi alitumwa barabarani usiku kututafuta, wakidhani tumeanguka kwenye mteremko wa Taif. Tulimkuta bibi amelala nyumbani kwa huyo ndugu, mdogo kuliko nilivyomwacha, midomo imekauka. Umra hakuimaliza.

Sisi tulipumzika vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma. Tulimpumzikia Mungu, tukashiba, tukaimba, na sindano za mtu zimo kwenye mlango wa friji karibu na siagi.

Bosi alituita uani. Macho yake yalikuwa mekundu. Sijawahi kumwona hivyo, na nilijua ni hofu kabla haijawa hasira.

"Gilbert, mlikuwa wapi?"

Jibu lilikuwepo! Tairi! Tairi lilikuwa limepasuka kweli, lipo nyuma ya gari, ashuke alione. Nilimfinya Gilbert kiuno mpaka kucha zikazama.

"Tairi tulibadilisha, bosi," akasema. "Tulisimama kwa sababu siku yetu ya kupumzika ilikuwa imeingia. Tulizima simu. Dawa hatukuiona. Tusamehe."

"Siku yenu gani?"

"Jumamosi. Jua likitua Ijumaa."

"Jumamosi," bosi akarudia. "Mwaka mzima mmekaa kwangu na hamkuniambia." Hakututukana, wala neno Yahudi hakulitaja, ingawa nililiona likipita usoni mwake. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Jumamosi ijayo, asubuhi, wanarudi Riyadh, kwa sababu shule zinafunguliwa Jumapili. Gilbert akiendesha, yameisha, halas. Asipoendesha, abaki hapa Jidda ambebee nduguye mizigo ya duka, na mimi nirudi Riyadh na Yumma. "Dreva anayezima simu mama yangu akiwa njiani simhitaji," akasema. "Chagua."

Nilimwambia Gilbert maneno usiku ule ambayo sitayaandika.

Jumanne, 28 Januari

Nimepewa ruhusa ya alasiri nikaenda Al-Hindawiyah kumwona Jael, tuliyesoma naye darasa moja. Anakaa na wenzake chumba cha juu katika nyumba kuukuu, ngazi zinanuka samaki na sabuni. Ni Msabato kama mimi. Mumewe yuko Dammam, wameonana mara moja tangu waje, kwenye stendi ya basi. Nilimsimulia. Alikuwa anakaanga mandazi, hakuinua macho.

"Mwambie aendeshe. Zipporah, Mungu si askari wa trafiki. Utamwacha mume Jidda kwa ajili ya siku moja? Mimi ningesukuma gari kwa mikono."

Nilibeba maneno ya Jael pamoja na mandazi yake, nikampa Gilbert vyote. Alikula mandazi.

"Mafuriko yalikuja, niliendesha," akasema. "Dawa ya bibi, niliendesha, na ningeendesha usiku ule ule kama ningejua. Lakini watoto kuwahi shule? Wana gari lao. Nikiendesha Jumamosi hii, nitaendesha kila Jumamosi, na siku moja Mitchelle ataniuliza tulikuja huku na nini na tulirudi na nini."

"Mitchelle ataniuliza babake yuko wapi!"

"Najua," akasema. Na akalia, Gilbert wangu, ambaye alipozikwa babake hakutoa chozi. Hasira yangu yote ikaisha pale pale, nikabaki na woga mtupu.

Ijumaa, 31 Januari

Nimepika. Nimefunga sufuria ndani ya blanketi. Nimeweka nguo za Gilbert katika mkoba wake peke yake, na za kwangu peke yake. Shati jeupe nimemwachia la kuvaa kesho. Yumma amepona, ameanza kugombeza watu. Sindano nimezihakiki mpaka zimechoka kuniona.

Jumapili, 2 Februari. Njiani

Tumesimama kituo kimoja cha mafuta. Gilbert amelala kitanda chembamba, anakoroma, ameendesha usiku kucha. Yumma amelala kile kipana. Bosi amepiga simu asubuhi: mmefika wapi? Gilbert akamtajia. "Polepole," bosi akasema, "mama hapendi matuta." Mengine tutaongea Riyadh, akasema, lakini alimwambia apitie Thumama aangalie kama sehemu yetu imekauka, kwa ajili ya wikendi ijayo. Kwa hiyo tunarudi wote.

Ilikuwa hivi. Jana asubuhi gari letu lilikuwa limeegeshwa karibu na bahari, nje ya nyumba ya nduguye bosi. Gilbert alikaa kwenye ngazi ya gari na shati lake jeupe. Bosi akaja na funguo, watoto wameshapanda lile gari lingine, honi inalia. Akamnyooshea funguo. Gilbert akaangalia zile funguo, mikono yake ikabaki magotini. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wangu begani.

"Magoti!" sauti ikatoka ndani ya gari.

Tukageuka wote. Yumma alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kidevuni. Sijui aliingia saa ngapi.

"Yumma, shuka, tunaondoka," bosi akasema.

"Nyinyi ondokeni, mna shule. Mimi magoti. Nitaondoka magharibi, na dreva huyu. Hapigi matuta."

"Yumma, unajua leo ni siku gani kwa hawa?"

"Nilijua kabla yako," akasema bibi. "Yalla, nenda. Unawachelewesha watoto."

Bosi alisimama pale na funguo zake. Alimtazama mama yake, akamtazama Gilbert, nikaona anahesabu magoti yote ya baridi hii, moja baada ya jingine. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa nyumbani kwake, akaziweka funguo juu ya ngazi karibu na Gilbert, akaondoka. Na mimi, mjinga wa mwisho, ndipo nikaelewa kwamba magoti ya Yumma hayakuwahi kuuma siku nyingine yoyote ila Jumamosi.

Nilimpelekea maji. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni: alijuaje?

Akaonyesha chini ya kitanda, kwenye blanketi. "Chungu chao kililala hivyo hivyo."

Akanisimulia polepole, akirudia nisipoelewa. Alipokuwa msichana Najran, jirani zao wa ukuta mmoja walikuwa Mayahudi. Mume alikuwa mfua fedha, mke aliitwa Shama'a, na Yumma anasema mikono ya mama yule ilinuka hilba, yaani uwatu, na moshi. Ijumaa walipika, wakafunika chungu kwa blanketi. Jumamosi hawakugusa moto. Basi kila Jumamosi asubuhi mama yake Yumma alimtuma yeye, mtoto, aende awawashie. Hawakumwomba, ilikuwa ujirani tu. Aliingia bila kubisha, akawasha, akatoka. Jua likishatua Shama'a alimpa mkate wa asali.

Halafu Mayahudi wa Najran wakahama wote. Watu wakubwa walijua, watoto hawakuambiwa. Jumamosi iliyofuata Yumma alikwenda kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba ilikuwa tupu, hakuna mkeka, hakuna chungu, wamebakisha kuni kidogo pembeni.

"Ukafanyaje, Yumma?"

"Nikawasha," akasema. "Nilikaa mpaka ukazimika wenyewe."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya gari. Jumamosi zote zile zilinijia. Bibi wa watu anaamka gizani na magoti yale, ya kweli au ya uongo, anatuwashia jiko ili tuamke tukute moto, bila sisi kuugusa, bila sisi kuomba. Na mimi nazima. Halafu nikaenda kumsema. Nilimwomba msamaha kwa lugha zote tatu ninazozijua, na Kiarabu kikaniishia njiani.

"Kila nikiwasha, unazima," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza.

Amri yetu inasema hata mgeni aliye nyumbani mwako apumzike siku hiyo, asikufanyie kazi. Nimeijua tangu utotoni. Lakini ndani ya gari hili mgeni ni nani? Nililiwaza hilo mchana wote huku tukila githeri iliyopoa, sisi watatu, Gilbert akimwimbia bibi nyimbo za kwetu za Ekegusii na yeye akipiga makofi mahali pasipo pake.

Jioni tulikaa mlangoni tunangoja jua. Simu ya Gilbert, ambayo safari hii hakuizima, ikaadhini magharibi kama alivyoitegesha ili tujue jua limetua. Gilbert akaruka, akashika funguo. "Sabato imefungwa, Mama Mitchelle, weka chai twende!" Nikasimama, nikatia mkono kwenye aproni, nikatoa kiberiti.

"Keti," Yumma akatuambia sote wawili. Akaelekeza kidole.

Jua lilikuwa bado juu ya maji, zima, jekundu. Simu ya mume wangu iliwekwa kwa saa za Riyadh na haijawahi kubadilishwa, na Jidda jua huchelewa. Tungekuwa tumesumbuka msimu mzima kisha tuivunje Sabato mlangoni.

"Bado ni siku yenu," akasema. Akanyoosha kiganja chake mbele yangu, akakiacha pale.

Nikampa kiberiti.

Alinyanyuka bila kushika magoti. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo, ya pili ikakubali. Moto ukawaka buluu, na juu yake hakukuwa na kitu. Akanigeukia kuona nitafanya nini. Safari hii sikuzima.